Aliyeshuka kwa Mpira Wako

Fundi Hamadi,

Leo nimemkunjia mtu mpira wa hewa akiwa chini ya ziwa. Mpira wako, ule wa kompresa tunaopumulia tukizamia samaki, uliotulisha sote hapa Kinindo. Nisikilize kwanza kabla hujanikasirikia.

Unajua ulivyokufa, lakini hujui nilichokiona mimi. Tulikuwa tunapeleka samaki hai uwanja wa ndege, ndani ya mifuko ya plastiki, waende kutazamwa na watoto wa Ulaya kwenye matangi ya vioo. Pale kwenye bariyeri, kizuizi cha wenye bunduki barabarani, yule kijana mwenye jino la mbele lililovunjika akadhani tumeficha kitu. Ukamwambia kwa heshima, kama mkubwa wako, "Apana kata, chef. Ni samaki ya muzima." Akaikata mifuko. Samaki wakamwagika kwenye lami, na wewe, mtu mzima na kanzu yako ya Ijumaa, ukapiga magoti kuwaokota. Akakupiga kisogoni kwa kitako cha bunduki. Ukaendelea kuokota. Akapiga tena na tena, wenzake wakicheka, mpaka nikasikia mfupa ukivunjika. Mimi walikuwa wamenilaza kifudifudi, buti shingoni. Damu yako ilinifikia na maji ya samaki.

Risasi bado zinasikika milimani, ila bariyeri ile imeondolewa na vijana wake wanatafuta kazi. Juzi bosi akaniletea mmoja nimfundishe kuzamia. Alipotabasamu nikaliona jino. Yeye hakunitambua. Aliniita patron, yaani mkubwa wake.

Nikamfundisha kama ulivyonifundisha, maana sijui kufundisha vingine. Kila mwamba chukua wachache, wengine waache wazae. Kikapu kipandishwe polepole, kipumzishwe njiani, kwani samaki akivutwa kwa pupa tumbo hujaa upepo akafa. Jike aliyebeba watoto mdomoni, usimguse kabisa. Alinisikiliza kwa adabu.

Asubuhi hii akashuka. Mimi nilibaki mtumbwini, pumzi yake yote inapita mkononi mwangu. Nikaukunja mpira, nikaubana kwa goti. Mapovu yakakoma. Kamba aliyojifunga ikaanza kuvutwa, kidogo kwanza, halafu kwa nguvu za mtu anayekufa. Nilifurahi, Fundi. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu, na nikakisikia kicheko changu: kilikuwa kile kile cha pale barabarani. Nikaachia mpira, nikamvuta.

Alitoka damu puani, macho mekundu, akatapika ubavuni mwa mtumbwi. Alidhani mashine imeharibika. Alipoweza kusema, akasema, "Patron, hewa ilikatika. Lakini ile mama yenye iko na batoto mu kinywa, nimeiacha, vile ulisema."

Nilishika kasia nimpasue kichwa. Naapa. Yeye amemwonea samaki huruma kwa kuwa tu nilimwambia, na wewe ulimwomba kwa mdomo wako mwenyewe akakuvunja. Kasia lilikaa mkononi, nikalitumia kupiga makasia mpaka ufukweni. Nilipofika nyumbani nililia mpaka mke wangu akaita majirani.

Sijamsamehe. Siwezi kukuandikia uongo wewe. Lakini nikimuua akiwa ananiita patron, akiwa hajui kwa nini anakufa, nitakuwa nimemfanyia alichokufanyia wewe, na wewe utabaki pale kwenye lami bila jina.

Kwa hiyo kesho, kabla hajafunga mkanda wa uzito wa kuzamia, nitamwambia ulikuwa nani. Nitamwambia nani alikuwa amelala chini ya buti, na kwamba hewa haikukatika yenyewe. Huenda akakimbia. Huenda akanimaliza pale pale, maana hao silaha hawaachi mbali. Nimeshamuaga mke wangu bila yeye kujua.

Kwaheri, Fundi wangu. Mola akupe kauli thabiti. Na kama, baada ya kuyasikia yote, atataka bado kushuka, nakuahidi: nitaushika mpira ukiwa umenyooka, mpaka apande.

Issa wako