Koti la Mkuu

Jumatatu, 9 Juni

Sikulia. Naanza na hilo, lisije likasahaulika.

Walikuja asubuhi, pasi imeshapata moto, nguo ya kwanza iko mezani. Polisi wanne. Mbele yao Koplo Mrefu — yule yule ambaye suruali zake zote nimemteremshia pindo mimi, maana kiwandani hawajui kama kuna binadamu wa kimo kile. Hakunitazama usoni. Akasema chumba kinatakiwa, nitoke. Kinatakiwa na nani? Amri ya Mkuu wa kituo. Karatasi ya mahakama iko wapi? Amri ya Mkuu inatosha. Hivyo tu! Mwenye nyumba hajanilalamikia hata siku moja, na bado nimetolewa kama mwizi.

Chumba cha nyuma, ninapolala, walikikomba chote wakamwaga barazani. Godoro, sufuria, picha ya marehemu mume wangu, uso chini. Nikaiokota, nikaifuta, nikaikalisha kwenye kiti. Halafu nikaanza kukunja shuka zangu, taratibu, pembe kwa pembe, mtaa mzima unatazama. Askari mmoja akanihimiza. Nikamwambia shuka haikunjwi kwa kirungu.

Chumba cha mbele, cha kazi, hawakutoa kitu. Cherehani, vitambaa, nguo za wateja — Koplo akasema vyote ni vielelezo. Vielelezo vya kosa gani? Wakatia kufuli. Nikikanyaga humo tena, akasema, ni kuvamia, nitawekwa ndani.

Sababu kila mtu anaijua. Chumba kinatazama barabara, na shemeji yake Mkuu anatafuta mahali pa kuuzia simu.

Sasa wasilolijua. Katika hivyo vielelezo vyao limo koti la gwaride la Mkuu mwenyewe! Mkewe aliniletea wiki iliyopita, kalifunika kwa taulo. Tumbo limekua, vifungo havifikiani, na mke hataki mzee wala fundi wa kituoni ajue. Nilikuwa nimeshalifumua. Liko vipande vipande kwenye meza ya kukatia. Nilitaka kucheka pale pale, nikajibana.

Jumanne, 10 Juni

Nimelala kwa wifi. Yaani dada wa marehemu, mwanamke ambaye hatujawahi kupatana hata juu ya chumvi ya mboga. Amenipa kitanda chake, yeye kalala chini, na asubuhi kanisema kwa kukoroma. Nikamwambia nilikuwa najibu mkoromo wake.

Nilikwenda kituoni. Nikavaa gauni la bluu lenye kola, nililolishona mwenyewe. Mtu anayedai haki yake asivae kama anayeomba. Wakanikalisha kwenye benchi mpaka jua likahama dirisha. Mwisho Mkuu akatokea. Mama, akasema, nenda nyumbani. Nikamwambia ndilo nililolijia, nyumbani kwangu kuna kufuli lako. Akapandisha sauti: nikiendelea na huo mdomo nitalala mahabusu. Alivyopandisha sauti kifungo cha shati kikahangaika. Nikakitazama. Akaniona nakitazama, akavuta tumbo ndani.

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na askari wote walikuwepo! Sikulitoa. Vipimo vya mteja sivitaji hadharani, hata mteja awe nani. Nimepima maharusi wenye mimba changa, nimepima wazee wanaojipaka rangi mvi, na hakuna aliyewahi kukutana na siri yake mtaani. Nilikwenda kudai chumba. Sikwenda kuuza siri.

Wifi kaniita mjinga. Angekuwa yeye, kasema, angelitangaza kwa kipaza sauti. Najua. Ndiyo maana hakuna anayemwambia kitu.

Jumatano, 11 Juni

Mwenye nyumba alikuja, bibi wa watu, macho yamevimba. Hakuulizwa lolote. Polisi wamemwambia akinirudisha, yeye na mimi wote ndani. Akaniomba radhi. Nikamwambia, bibi, wewe hukunikosea, kunywa chai.

Mikono inaniwasha kwa kukosa kazi. Nimekaza vifungo vya nguo zote za wifi. Hakushukuru. Ila nilimwona mbele ya kioo, anafunga na kufungua, anafunga na kufungua.

Hasira inanijia nikiosha vyombo. Cherehani ile imesomesha watoto wangu wote, leo imefungiwa kama mhalifu! Nusura nivunje sahani ya wifi, tungepata ugomvi mwingine.

Alhamisi, 12 Juni

Mke wa Mkuu amekuja! Kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Alipoivua nikaona hajapata usingizi. Gwaride ni Jumamosi, mkubwa wao kutoka makao makuu anakuja kukagua, na mume anauliza koti. Yeye kamdanganya kwamba liko kwa dobi. Habari za kufukuzwa kwangu kazisikia leo, sokoni, kwa watu baki. Namwamini. Katika ile nyumba hakuna anayemwambia mwenzake kitu. Mke anaficha koti, mume anaficha anavyotwaa vyumba vya watu.

Ombi lake: tupite mlango wa nyuma jioni, Koplo atafungua, nishone, nitoke, yaishe. Akafungua pochi. Nikamwambia aifunge. Nikamweleza bila ukali, maana yeye hajanikosea. Koti halina mgongo, mikono iko pembeni, hata wakivunja mlango watabeba vitambaa tu. Na mimi nilitolewa asubuhi kweupe, mlango wa mbele, watu wakinitazama. Nikirudi, nitarudi hivyo hivyo.

Mume wangu atanimaliza, akasema. Nikamwambia amweleze ukweli leo, tena ampe chakula kwanza, mwanamume mwenye njaa haelezwi habari za tumbo lake. Akacheka huku analia. Wifi, aliyekuwa anasikiliza mlangoni wala hajifichi, akamletea maji.

Alipoondoka niliogopa. Niliandike na hilo. Mtu mwenye pingu na hasira si wa kuchezea, na mimi silaha yangu ni sindano. Lakini nimeshasema, na sirudishi neno.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika juu ya meza ya kukatia. Meza YANGU! Naandika haraka, maana bado hayajaisha.

Koplo Mrefu alikuja kwa wifi, kofia mkononi. Mkuu ananiita. Ananikamata au ananiita? Anakuita, mama. Nikavaa gauni la bluu tena. Wifi akafuata nyuma, hakualikwa na mtu.

Mkuu alikuwa mlangoni kwangu na ufunguo. Watu wamejaa barazani, mwenye nyumba nyuma yao kabisa. Akafungua kufuli kwa mkono wake. Akasema chini chini: ingia, shona, mengine tutayaangalia. Sikuingia. Nikajibu kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo si ndogo. Koplo wako alisema nikikanyaga humu ni kosa. Basi niambie, chumba hiki ni changu au ni cha watu? Maana mimi sishonei kwenye chumba cha watu.

Nimekuruhusu, akasema. Nikamwambia sikuuliza ruhusa. Akatazama watu, akatazama saa. Haya, ni chako, akasema, haraka haraka, kama anayetema kokwa. Koplo alisikia, nilimwona. Wa nyuma hawakusikia. Haikutosha, lakini niliingia. Harufu ya vitambaa vyangu ikanipokea, na hapo, kidogo, macho yakalowa. Nikajifanya natafuta chaki.

Nikaunga mgongo, nikaongeza kitambaa ubavuni, nikatia mkono mmoja. Kazi safi. Naichukia roho ya mvaaji, lakini mshono wangu haulipizi kisasi. Kisha nikamwita avae, maana koti halimaliziki bila mwenyewe. Akaingia, akataka kurudishia mlango. Nikamwambia hapana, baba, mimi mjane siwezi kufungiwa chumbani na mume wa mtu. Nje wakacheka. Wifi ndiye alicheka zaidi.

Mikono juu, nikamwambia.

Ni kauli ya kazi, kila fundi huisema. Lakini ilipotoka nikaisikia, na yeye akaisikia. Akainua! Nikamzunguka na pini mdomoni, sina haraka. Nilijisikia mrefu kuliko Koplo. Vipimo ninavyo kichwani, hata humu daftarini siviweki.

Nilipotoa pini ya mwisho mdomoni nikamuuliza kosa langu lilikuwa nini. Akasema tutaongea. Nikamwambia basi na mkono wa pili wa koti tutaongea.

Ndipo pikapu ikafika. Shemeji yake mwenyewe, na makabati ya vioo, na wapakuaji! Hakuambiwa chochote, kama kawaida ya ukoo ule. Mkuu katoka nje kama alivyo. Koti lina mkono mmoja, pini zinamtekenya kiunoni, hawezi hata kugeuka vizuri. Anamnong'oneza shemeji. Shemeji hajui kunong'ona. Si uliniambia chumba kiko wazi? anauliza. Sasa hivi vitu nishushe wapi?

Mimi nimekaa hapa mezani, cherehani kando yangu, mlango wazi, kila mtu ananiona. Mkono wa koti uko mapajani. Uzi nimeshatia. Mwenye nyumba amesogea mpaka ngazini, kwanza alikuwa nyuma kabisa. Koplo kasimama mbele ya mlango wangu, sijui ananilinda au ananizuia, labda hata yeye hajui.

Wapakuaji wameshika kabati la kwanza, limening'inia, hawajalitua.

Nishushe, nisishushe? shemeji anauliza tena. Wote wanamtazama Mkuu, mpaka wifi. Mkuu amenigeukia, anautazama mkono wake uliobaki kwangu. Safari hii atasema kwa sauti kwamba chumba ni changu, maana chini chini sitasikia.

Amefungua mdomo. Naweka kalamu, nimsikilize.