Tulitema Mate Kwenye Kichupa Kimoja

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisaidie, maana kichwa changu hakijakaa sawa tangu siku ile. Mimi na pacha wangu ni mafundi cherehani, tunashona sare za shule kwenye chumba cha mbele nyumbani kwa mama, naye ndiye aliyetufundisha, na tangu utotoni ametuvalisha kitambaa kimoja, hata leo mteja ananijia juu kwa suruali aliyoshona mwenzangu. Sasa tukasikia kuna kipimo cha DNA unajifanyia nyumbani, unatema mate kwenye kichupa, unatuma, unaambiwa mababu zako walitoka wapi, tukaagiza, ila kimoja tu, viwili vya nini na sisi tulitoka tumbo moja? Na kwa kuwa kila kitu tunagawana, mimi nikatema nusu, yeye akajazia.

Jibu likaja kwenye simu yangu: mate haya ni ya watu wawili tofauti, hayapimiki, rudieni. Tulicheka jamani! Tukamsimulia mama, "Mama, eti sisi ni watu wawili tofauti!" Alikuwa analowesha ncha ya uzi mdomoni atunge sindano. Uzi ukabaki hapo hapo. Akasema, "Nani aliwatuma?" Akaanza kulia, Mshauri, mama yangu ambaye hata kwenye msiba wa baba ndiye alikuwa anatuliza wengine, ndipo akatuambia kwamba wodini alizaa mtoto mmoja, na mwanamke wa kitanda cha pili akazaa siku hiyo hiyo, akafariki, ndugu hawakutokea, basi mama akarudi nyumbani na wawili. "Mmoja nilimzaa, mmoja niliachiwa. Msiniulize yupi."

Pacha wangu hataki kujua, amerudi kwenye cherehani yake, nikimgusia ananiambia, "We kata kitambaa." Mimi siwezi! Najitazama kwenye kioo, vidole vyangu virefu kama vya mama, vya pacha wangu vifupi, mama anatumia mkono wa kushoto na mimi pia, halafu namwonea huruma mwenzangu, halafu najiuliza mbona namwonea huruma. Nimeagiza vichupa vitatu kwa siri, nimevificha kwenye mfuko wa vifungo. Changu ni rahisi, lakini mate yao nitayapataje bila wao kujua? Au niache? Mimi ni nani, Mshauri?

Fundi Niliyevurugwa

JIBU

Fundi, pole sana. Nikiri kwamba kwanza nilicheka mpaka jirani yangu wa meza akauliza kuna nini, maana ni nani mwingine angechangia kichupa? Nilipofika kwa mama na uzi wake, kicheko kikakata.

Sasa njoo nikuseme. Unataka kumwibia mama mate? Utamkingia kikombe akipiga miayo? Mwanamke amekulea, amekufundisha kazi, na wewe unamvizia nyumbani kwake. Acha, tena acha leo.

Halafu isome tena barua yako. Unaniuliza yupi ni wa mama, kumbe umeshajijibu: vidole ni vyako, mkono wa kushoto ni wako, na huruma umempa mwenzako. Hukuuliza hata mara moja utafanya nini ikiwa wa kitanda cha pili ni wewe. Nadhani mwenzako ameliona hilo, ndiyo maana anakwambia ukate kitambaa. Na huo mkono wa kushoto, alikufundisha nani kushika mkasi?

Sisemi ni kosa kutaka kujua. Ni haki yako, na najua inauma. Lakini mate ya mtu ni ya mtu. Kabla hamjafunga kazi leo, toa hivyo vichupa, viweke mezani wote wavione, na umwombe radhi mwenzako. Wakikataa, wamekataa, na usirudie kuwabembeleza. Siku mkikubaliana wote watatu, temeni mchana kweupe, kila mtu na chake. Safari hii msichangie!

Lakini kuna mtu umempita haraka mno. Huyo mwanamke wa kitanda cha pili alizaa, akafa, ndugu hawakutokea, na miaka yote hii hakuna mtoto aliyemlilia. Mmoja wenu ni wake. Kwa kuwa hamjui yupi, mlilieni wote wawili.

Mama amewakataza kumuuliza yupi. Hakuwakataza kumuuliza yule mwenzake wa wodini alikuwa anaitwa nani. Nenda na pacha wako, mkae karibu naye, mumuulize hilo.