Siku Nyapara Alipotafsiri Inshallah

Baba Zuhura, mume wangu,

Salamu zangu zikufikie, na Mungu akupanulie kaburi. Sisi wazima. Vita vimekwisha, njaa nayo imelegea kidogo. Mwandiko usiucheke, ni hizi herufi za Kiarabu za chuoni ulizonifundisha mwenyewe ukisema, "Mke wangu, unaandika kama kuku anachakura."

Nina jambo. Kaka yangu wa Miteja alikuja kutaka watoto wagawanywe, ati sitaweza kuwalisha peke yangu. Zuhura aende kwake, mdogo aende kwa mama yako Kitomanga. Nikamwomba asubiri kidogo, maana kampuni ya Wadachi, hawa Wajerumani, hapa Lindi inatafuta wanawake wa kuchambua pamba.

Tukajaa uani kwao. Kwanza wanakutazama mikono, kisha unapewa fungu la pamba, utenge safi na yenye madoa. Hapo sikuwa na wasiwasi, unanijua. Mwisho Mdachi anauliza, nyapara anatafsiri: "Utakuja kila siku?" Wenzangu wakajibu, "Inshallah." Weee! Kila anayejibu hivyo anatolewa nje. Bi Tatu, jirani yetu, akatoka akinung'unika, "Kwani nimekataa?" Kumbe nyapara anamwambia Mdachi kuwa tunasema "labda."

Zamu yangu ikafika, nami nikasema vilevile. Ulimi umeshazoea, nifanyeje? Nikaonyeshwa mlango. Sikutoka, Baba Zuhura. Mimi huyu, mwoga wa jongoo! Nikamwambia nyapara, "Baba, wewe si Mwislamu? Mama yako aliposema nitapika inshallah, ulilala njaa?" Wanawake wakaangua kicheko, naye akaona haya. Akaongea na Mdachi, wakaongea weee. Mdachi akanitazama, akalitazama fungu langu, akaagiza waliotolewa waitwe tena.

Tumechukuliwa, mimi na Bi Tatu na wengine. Nimepewa kipande, kile kikaratasi cha kutiwa alama kila siku ya kazi. Nimekifunga kwenye pindo la kanga.

Kaka ameondoka leo asubuhi, peke yake, kanuna. Zuhura atamwangalia mdogo nikiwa kazini. Naogopa moto, naogopa kisima, naogopa kila kitu, lakini afadhali niogope nikiwa nao.

Basi nikuache upumzike, mume wangu. Nakuahidi, maadamu mikono hii ina nguvu, wanao hawatalala nyumba mbili.

Mimi mkeo,
Mama Zuhura