Kijitabu cha Lineo

Maputsoe, 3 Juni

Shangazi yangu mpendwa,

Lineo sasa hivi ameingiza kijiko cha uji ndani ya kiatu changu cha kazini, akakifunika kwa soksi, akaniambia, "Kinalala." Nacheka na kukohoa, nakohoa na kucheka, nikaona nikuandikie kabla nguvu hazijaisha. Hujambo huko milimani? Theluji imeshaanguka? Kifua chako kinaendeleaje? Sisi wazima, isipokuwa mimi.

Shangazi, nimefanya ujinga. Wiki iliyopita homa ilinishika, nikashindwa hata kukanyaga mashine. Nikaenda kliniki. Kijitabu changu cha matibabu kimejaa mpaka jalada la nyuma, na pale getini vipya vilikuwa vimekwisha. Nikawaza, si ninacho cha Lineo mkobani? Nesi akaandika humo: apumzike siku tatu. Akagonga muhuri. Nikalala siku tatu kwa amani.

Niliporudi kiwandani, karani wetu Ntate Lebusa alikifungua akasoma kwa sauti, ofisi nzima isikie. "Lineo, miaka miwili. Dada, kumbe tumeajiri mtoto? Unashona suruali nawe umevaa nepi?" Wakacheka. Na mimi nikacheka, sijui kwa nini. Kisha akaandika: utoro, siku tatu, onyo la mwisho. Nikikosa tena hata siku moja bila karatasi yenye jina langu, nimefukuzwa.

Na kikohozi hakijatoka. Nifanyeje?

Mwanao,
'Malineo

Mokhotlong, 11 Juni

Mwanangu 'Malineo,

Salamu nimezipata, na za kijiko pia. Theluji iko hadi dirishani. Kifua changu ni kilekile. Nikitoka kuchota maji napumzika mara tatu njiani.

Haya, aibu imeshapita. Rudi kliniki na vijitabu vyote viwili. Wana daftari lao kubwa. Nesi ataiona ile siku, atakuandikia upya. Lakini usiende kwa Lebusa peke yako. Huyo nilimwacha akifagia nyuzi, leo amekuwa mchekeshaji wa ofisi! Mchukue Ntsoaki, msimamizi wenu. Nilikaa naye mashine kwa mashine miaka tisa. Mwambie nimesema mimi.

Na hicho kikohozi wakipime. Usiniambie unalitaka lile blanketi la Desemba la wasiokosa kazi hata siku moja. Mimi ninayo manne.

Shangazi yako

Maputsoe, 27 Juni

Shangazi, umeamkaje?

Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikutaka kuliandika hili. Nesi aliikuta siku yangu kwenye daftari, akanicheka kidogo, akaandika upya kwenye kijitabu kipya chenye jina langu. Ingeishia hapo. Lakini nikataja kikohozi, kama ulivyoniagiza, wakanipa kikopo nitemee. Majibu yametoka jana: kifua kikuu. Dawa miezi sita, na wiki mbili za mwanzo nisikanyage kazini. Lineo amepimwa, hana, ila anapewa vidonge vya kumkinga. Anavitema ukutani.

Hiki kijitabu sijamwonyesha mtu. Nimekificha kwenye kopo la maharage. Nawaza nimeze dawa alfajiri, nijifunge kitambaa mdomoni, niende kazini hivyo hivyo. Nani atajua? Kinachonisumbua ni mwenzangu wa mashine ya kando, ana mimba. Lakini wiki mbili, Shangazi! Hata karatasi ikiwa na jina langu, wakisoma kifua kikuu watanifukuza tu, na Lineo atakula nini?

Nimechoka hata kuwaza. Niambie tu, nitafanya utakalosema.

Mwanao,
'Malineo

Mokhotlong, 4 Julai

'Malineo,

Leo sisalimii. Kitoe hicho kijitabu kwenye kopo.

Mimi changu nilikiweka kwenye kopo la chai, hapo hapo Maputsoe, mwaka wa blanketi la pili. Nilimeza vidonge mwezi mmoja, nikapata nafuu, nikaviacha, maana kwenda kuvichukua ni kukosa nusu siku. Ilipofika Septemba, dada aliyekaa mkono wangu wa kushoto alianza kukohoa. Jina lake muulize Ntsoaki. Mimi mkono unakataa kuliandika.

Mablanketi manne, mwanangu, na kifua kimoja. Nenda leo hii.

Kalamu imekuwa nzito.

Shangazi yako

Kiwandani, Maputsoe, 22 Agosti
saa ya chakula

Shangazi yangu,

Hii ni ya tatu tangu Julai na bado hujajibu. Natumaini ni theluji tu imefunga barabara. Unakula? Unalala?

Sijui kama zile mbili zilifika, kwa hiyo narudia. Nilimwendea Ntsoaki, nikamwambia yote, nikamuuliza na lile jina. Aliweka mkasi chini, akanishika mkono mpaka ofisini. Lebusa akaanza, "Leo umeleta kijitabu cha nani, cha bibi yako?" Ntsoaki akamwambia, "Lebusa, soma jina, kisha futa lile onyo. Kwenye mstari huu wa mashine nimeshazika mmoja, aliitwa Mohlakotsana. Wa pili siziki." Shangazi, hakuna aliyecheka. Alifuta.

Nililala nyumbani wiki zangu mbili. Mstari mzima ukapimwa. Mwenye mimba ni salama. Mimi nimerudi, mashine namba kumi na nne, sasa niko karibu na dirisha. Ikifika saa nne asubuhi miguu inachoka, na Ntsoaki ananipa nyuzi za kukata badala ya kukanyaga mashine. Blanketi ndiyo basi tena.

Nimekuchukulia kijitabu kipya. Nimeandika juu mwenyewe, Puseletso Ramaili, kwa herufi kubwa, na Lineo amekipaka uji pembeni. Dereva wa basi la Jumamosi anakuletea pamoja na barua hii, na nimemwambia asiondoke bila wewe. Usiseme umezoea. Hapa kliniki ni karibu, hakuna mlima. Nusu siku nimeshaomba, na Lebusa mwenyewe ndiye aliyeiandika, bila mzaha.

Ntsoaki huyo anaita: "'Malineo! Kumi na nne haijishonei yenyewe!" Nakuja, dada! Shangazi, wewe panda basi tu. Tutakaa wote kwenye benchi, na wakiita jina lako nitasimama mimi, niwaambie huyu ndiye Puseletso Ramaili, shangazi yangu.