Televisheni Aliyoitaka Baba

Jumanne, 7 Machi 1995

Mvua tangu asubuhi. Nimefika ofisini suruali imelowa mpaka magotini, nikagonga mihuri hadi jioni, nikarudi nyumbani Mtoni kwenye tope lilelile. Upatu umenifikia. Nanunua televisheni, nimeshaamua. Nimechoka kuchungulia mpira kwenye dirisha la watu kama mwizi.

Dominiki, ninayekaa naye meza moja kazini, ana gemu aliyoletewa na kaka yake baharia. Inachomekwa kwenye TV. Kwake hakuna umeme, kwa hiyo tutachezea kwangu.

Nimemwambia baba. Kafurahi kuliko nilivyotegemea. Kaomba jambo moja tu, tuongozane dukani.

Jumamosi, 11 Machi

Kariakoo. Baba katumbukia mtaroni na viatu vyake vya Idi. Nikamwambia awe anatazama anapokanyaga. Kanishika mkono tukaendelea.

Nilizozimudu ni mbili. Moja kubwa, imetumika Dubai, kasha la mbao, upana wake kama kabati la vyombo. Picha imefifia, wekundu wa jezi unamwagika mpaka kwenye nyasi. Nyingine ndogo, mpya, nyeusi, ina rimoti na matundu ya gemu ubavuni. Picha kali, jasho la mchezaji unaliona. Muuzaji kaziwasha zote, mpira uleule, ili tulinganishe.

Baba kaisogelea ile kubwa mpaka pua ikagusa kioo. Kabaki hapohapo. Muuzaji akasema, "Mzee, hiyo inatazamwa, hainuswi." Duka zima likacheka. Mie nikacheka kuliko wote. Nilitaka wajue siko upande wake.

"Chukua hii, mwanangu," baba akasema, mkono juu ya lile kasha.

Sikumuuliza kwa nini. Nikachukua ndogo.

Jumapili, 12 Machi

Dominiki kaja moja kwa moja kutoka kanisani, hata tai hakuvua. Gemu ya magari, halafu ya mpira. Wachezaji wadogo kama sisimizi lakini wanaonekana vizuri. Ile kubwa ingetuharibia. Nilichagua sawasawa.

Baba alikaa nasi. Kila baada ya muda anauliza nani anashinda, na matokeo yameandikwa pale juu. Mwanzo nilimjibu. Baadaye nikajifanya sisikii. Dominiki ndiye aliyekuwa anamjibu, kwa adabu, na hilo nalo likaniudhi.

Jumatano, 15 Machi

Hakai kwenye kiti. Anatandika mkeka sakafuni, uso kaubandika kwenye kioo. Mie nyuma naona kofia yake tu. Taarifa ya habari, kofia. Ndondi, kofia.

Nachukia. Bora niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma.

Na cherehani yake iko barazani imefunikwa shuka tangu mwaka jana. Anasema mgongo. Mgongo gani unaomruhusu kuinama mbele ya TV jioni nzima? Kaona mshahara wangu unatosha, kaamua kupumzika. Fundi aliyeshona suti za maharusi wa Temeke yote.

Jumamosi, 18 Machi

Aibu tupu. Sijui nianzie wapi.

Niliwaalika wenzangu wa ofisini kuangalia mpira wa Ulaya. Hata mkuu wetu wa kazi alikuja. Shangazi Mwanahawa kanipikia pilau. Sebule imejaa, wengine wamekaa juu ya ndoo. Baba kaja na mkeka wake, kautandika mbele kabisa.

Watu wakavumilia. Kisha mmoja akasema taratibu, "Mzee anatuziba kidogo." Nikainuka, nikamshika kwapani, nikamnyanyua. "Baba, kaa huku nyuma. Unaniaibisha." Nilisema kwa sauti. Akanifuata mpaka mlangoni kama mtu aliyekamatwa, akakaa kwenye kigoda.

Karibu na mwisho wapinzani wetu wakafunga. Sebule nzima mikono kichwani, isipokuwa Dominiki, anayeshangilia ile timu nyingine. Akapiga kelele peke yake: goli! Baba akasimama mlangoni, akapiga makofi, uso unang'aa. "Tumewaweza! Si niliwaambia?"

Wote wakageuka. Mtu akacheka, wengine wakafuata. Mkuu akaniuliza, "Mzee wako yuko timu gani?"

"Mpira haujui huyo," nikajibu.

Haujui. Yeye ndiye aliyekuwa ananibeba mabegani uwanjani nikiwa sijaanza shule, ananitajia wachezaji mmoja mmoja.

Alikaa. Hakuuliza tena nani anashinda.

Jumapili, 19 Machi

Shangazi kaja kuchukua sufuria zake. Nikaanza kumlalamikia juu ya baba, kaka yake. Mkeka, kofia, makofi ya jana. Nilisema mengi. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi.

"Hamisi, baba yako haoni."

Nikadhani anatania.

Haoni. Jicho la kushoto giza kabisa. La kulia anaona kama mtu aliye nyuma ya chandarua. Cherehani hakuiacha kwa sababu ya mgongo. Miezi mingi shangazi ndiye aliyekuwa akimtungia uzi kwenye sindano, mpaka siku baba aliposhona mkono wa gauni la bibi harusi ndani nje, akafunika mashine. Msikitini anakwenda kwa kugusa kuta. Ile televisheni kubwa aliitaka kwa kuwa watu wake wakubwa. Akibandika uso anawapata.

Nikamuuliza kwa nini nilifichwa. "Alisema umeanza kazi juzi, usianze maisha ukiwa na kipofu mgongoni." Kisha akaongeza, "Mie nilidhani utaona mwenyewe. Unakaa naye nyumba moja."

Kabeba sufuria zake kaondoka. Sijala.

Jumatatu, 20 Machi

Nimeomba ruhusa kazini, nimeibeba ile ndogo mpaka Kariakoo kwenye boksi lake. Nabadilisha. Muuzaji akanitazama kama mgonjwa. Ile kubwa imeshachukuliwa, mtu wa hoteli. Haina ya pili.

Nikamwambia ni ya baba, macho yake mabovu. Akakumbuka, nilimwona anakumbuka. "Basi siku ile mngesema," akasema, na yeye akaangalia chini. Tulikuwa wawili tuliosimama pale tunaona haya, na boksi katikati yetu.

Nyumbani nimemkuta baba barazani. "Baba, naomba unisamehe ya juzi."

"Ya juzi ipi?"

Anajua ipi. Nikashindwa kuitaja. Akasema jua kali leo, niingie ndani ninywe maji.

Alhamisi, 23 Machi

Hospitali. Benchi refu, wazee wamejaa, kila mmoja kashikwa mkono na mtu. Nami nikamshika wa kwangu. Mkono mwepesi, vidole bado vina alama za sindano.

Daktari, mwanamama mkali. La kulia ni mtoto wa jicho, litapasuliwa, lina matumaini. La kushoto ni presha ya macho. Limekwisha. Kama angefika mapema lingeokolewa. Akanigeukia. "Wewe ndiye unayekaa naye? Hukuona kitu?"

Kabla sijafungua mdomo baba akasema, "Kosa langu, daktari. Huyu nilimficha. Ana kazi nyingi."

Ningependa angenisema. Ningependa anipige kofi pale mbele ya wagonjwa. Badala yake kanitetea, nami nikakubali kutetewa, nikakaa kimya natazama sakafu. Kati ya yote niliyofanya mwezi huu, ukimya ule ndio mbaya kuliko yote.

Jumanne, 28 Machi

Kapasuliwa. Kafungwa bandeji. Sitaki kuandika zaidi.

Jumapili, 2 Aprili

Dominiki kaja, gemu yake hakuileta. Kaleta machungwa. Tulimsimulia baba mpira wa jana, yeye upande wa timu yake, mie upande wa yangu, tukabishana. Baba akatuamua kwa haki. Anaujua mpira kuliko sie sote.

Dominiki alipoondoka nikasema. Nilimwambia nililolisema kwa mkuu wangu, nikamwambia na kicheko cha dukani.

"Nilisikia," akasema. "Sauti yako naijua."

Basi. Nikamenya chungwa, nikampa vipande mkononi.

Jumanne, 11 Aprili

Bandeji ilitolewa jana, kaambiwa akae kivulini. Nyumbani kimya. Mgao wa umeme.

Asubuhi nimempelekea chai uani kabla ya kwenda kazini. Kakishika kikombe lakini hakunywa. Alikuwa ananitazama. Si kwa kukisia upande sauti inakotoka. Ananitazama mie.

"Una ndevu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Akanyoosha mkono, akazishika taratibu, kama anavyopima kitambaa.

"Zimekukaa. Hapa juu ni mama yako mtupu. Huku chini ni mie."

Nikachuchumaa pale mbele yake ili asipate taabu kuinua kichwa, naye akaendelea kutazama, hana haraka, mpaka chai ikapoa. Nikamtilia nyingine.

Nimechelewa kazini.