Ngozi Ilikwenda kwa Mwenyewe

S.L.P. 47,
Bariadi.
20 Julai, 1996.

Mpendwa Mjomba Anatoli,

Mwangaluka. Nakusalimu kutoka huku nyumbani, nikitumaini kwamba wewe, Mama Joyness na watoto hamjambo. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliandika kwamba linauma kila mvua ikitaka kunyesha, na kwa jinsi ninavyosikia habari za mvua za huko Tanga, basi nadhani hulali. Na masikio je, kelele za ile mashine ya kuchakata mkonge zimekuachia kusikia chochote?

Sisi ni wazima. Mama, dada yako Nyanjige, alipata malaria mwezi wa tano lakini sasa yuko shambani na anatugombeza kama kawaida. Mimi bado nafundisha darasa la tatu. Watoto ni themanini na wawili, na madawati ni yale yale unayoyafahamu.

Pamba imeanza kuvunwa. Siku hizi hatuuzi kwenye chama cha ushirika peke yake. Makampuni ya watu binafsi yamekuja, kila moja na mizani yake, na hakuna mizani mbili zinazokubaliana. Watu wanalalamika na wanaendelea kuuza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua umeshalisikia, maana habari husafiri kwa basi haraka kuliko barua kwa posta. Sijui umelisikia kwa mdomo wa nani, ndiyo sababu nakuandikia lilivyokuwa.

Utakumbuka uchaguzi wa madiwani wa mwaka juzi, ule wa kwanza wa vyama vingi. Mahona, mwenye duka la pembejeo, alimshinda Salu kwa kura chache sana. Siku tatu kabla ya kura, Mahona alifanya mkutano wake wa mwisho hapa kitongojini kwetu, na mkutano ulipokwisha watu walikula nyama ya dume. Nami nilikula, sitakuficha. Salu alikwenda mahakamani kudai kwamba dume lile lilikuwa rushwa.

Dume lilitoka zizini kwa baba. Unajua zizi la baba lilivyokuwa: nusu ya ng'ombe ni wetu, nusu ni wa kubilisa, watu wamewaweka tuwatunze, sisi tunakamua maziwa na kutumia samadi, na siri ya mwenye ng'ombe inabaki kwa baba. Hata mimi mtoto wake sikuwahi kujua ng'ombe yupi ni wa nani, isipokuwa wako, kwa sababu mama hawezi kunyamaza. Mtu akiuliza, awe bwana mifugo au mkwe wa mtu, jibu la baba lilikuwa moja: "Ni wa hapa."

Basi wakili wa Mahona, kijana wa mjini mwenye viatu vizuri, alikuja nyumbani kuuliza dume lilikuwa la nani. Baba akamwambia ni la hapa. Kijana akaandika, akafurahi, akanywa maziwa. Kesi yote akaijenga juu ya maneno hayo: kwamba Mzee Masunga ni mwenyeji aliyewakirimu wageni kwa mali yake, na mgombea hakutoa hata kwato. Laiti angemuuliza mtu yeyote wa huku, hata mtoto wa darasa langu, angeambiwa kwamba jibu lile halina maana yoyote.

Kesi ilipokaribia, Mahona mwenyewe alikuja. Alimwomba baba aseme hayo hayo kizimbani, na akamwahidi kwamba ng'ombe wake wangekaa kwetu maisha yote. Baba alimsindikiza hadi njiani bila kumjibu. Mahona alidhani amekubali.

Wakili wa Salu alikuwa Msukuma, mzaliwa wa Shishiyu. Huyu hakuuliza kabisa dume lilikuwa la nani. Baba alipokwisha kuapa, alimuuliza kitu kimoja tu: "Mzee, ngozi uliipeleka wapi?"

Mjomba, wewe unaijua desturi. Ng'ombe wa kubilisa akifa au akichinjwa, mtunzaji humpelekea mwenye ng'ombe ngozi, ili ajue hakuibiwa. Baba aliifunga ngozi ile kwenye baiskeli asubuhi yake, watu wakimwona, akaipeleka. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma na nikaona mkono wake umeshika ukingo wa kizimba. Hakimu akamkumbusha kiapo.

Akasema, "Niliipeleka kwa mwenyewe. Kwa Mahona."

Hapo kesi ilikwisha, ingawa waliendelea na makaratasi mpaka mwezi wa nne. Uchaguzi ukafutwa na Mahona akazuiwa kugombea. Jioni ya siku ile aliyotoa ushahidi, mama alimuuliza kwa nini hakusema lolote lingine. Baba alijibu, "Ngozi niliipeleka. Ningesema niliipeleka wapi?" Mimi nilimwonea fahari siku hiyo, na pia nilimwonea hasira kidogo, maana nilijua yatakayofuata.

Uchaguzi mdogo ulikuwa tarehe thelathini Juni. Ungekuja ungecheka. Wagombea wamejifunza, lakini si lile hakimu alilotaka wajifunze. Hakuna aliyechinja hata kuku. Maji ya kunywa yalikuwa kila mtu na kibuyu chake. Salu alitembea na nakala ya hukumu yenye mhuri, akaisoma yote kila mkutano, kurasa kumi na moja, na watu wakawa wanaondoka mmoja mmoja kwenda kuangalia mifugo yao. Upande wa pili Mahona alimsimamisha mdogo wake Mayige, ambaye hakuongea habari za barabara wala zahanati. Alisema kaka yake amefungiwa kwa kosa la kulisha watu wenye njaa. Kisha alikuwa anauliza, "Mali zenu mtaziweka zizini kwa nani sasa?" Hakumtaja baba kwa jina, na hapakuwa na haja.

Salu naye alituma watu wamwombe baba apande jukwaani aonekane kama mtu mkweli. Baba aliwaambia kwamba ukweli aliutoa mahakamani na hana mwingine wa kuongeza. Mayige akashinda kwa kura nyingi kuliko zile kaka yake alizopata na nyama. Hapa kituoni kwetu Salu alipata kura kumi na nne. Mbili ni zetu mama na mimi. Ya baba sijui, hasemi.

Mahona alikuja kuchukua ng'ombe wake wiki ile ya hukumu, na hilo tulilitegemea. Waliofuata ndio waliomuumiza baba. Walikuja wengine, wapole, kila mmoja na sababu yake: huyu anamwozesha kijana wake, yule amepata malisho karibu. Hakuna aliyetaja kesi. Mzee Nkinda, ambaye ng'ombe wake walikaa kwetu tangu sijazaliwa, aliwatoa akiwa anaangalia chini, na baba akamsaidia kuwaswaga mpaka mtoni. Zizi sasa ni kubwa mno kwa waliomo. Tumebaki na wetu, na wako.

Huyo mwekundu wako amezaa ndama jike mwezi huu, mwenye doa jeupe kwenye paji. Ana afya na anakimbia ovyo.

Baba hakuniagiza nikuandikie haya. Lakini nitakuambia ninachokiona. Walio mbali hupeleka habari ya kutoa ng'ombe wao kwa barua, na tangu mwezi wa nne baba anakwenda mjini kila Ijumaa, anapitia posta, anauliza kama kuna barua kutoka Tanga. Wakimwambia hakuna, anarudi na moyo mwepesi. Nyumbani anasema alikwenda kununua chumvi ya mifugo. Mjomba, chumvi iliyopo stoo inatosha zizi la zamani kwa miaka miwili.

Ng'ombe ni wako na uamuzi ni wako. Ila kama utaandika, nakuomba uandike upesi, na umwandikie yeye mwenyewe.

Mama anakusalimu sana, vilevile Magese mdogo wangu, na Bibi Wilhelmina anayedai bado unadaiwa naye kitenge. Msalimie Mama Joyness, na Joyness mwenyewe umwambie ajitahidi na masomo. Mungu awalinde ninyi na kazi za mikono yenu, na goti lako alitazame.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye siku zote,

Kabula Masunga

Jana ilikuwa Ijumaa. Amenunua chumvi nyingine.