Tulikataa C

Bonde la Sorrel, Tennessee
19 Agosti

Dada yangu mpenzi Delphia,

Salamu nyingi zikufikie huko Ohio, wewe na shemeji Carl. Natumaini kifua kimelegea na sasa unalala bila kuegemea mito mitatu. Huku mahindi yamekauka mapema na mbweha amekula kuku wawili, yule mweupe akiwemo. Ningekuambia sisi ni wazima kabisa, lakini uongo umeshanizidi mwezi huu.

Hobart ameshtakiwa. Ndiyo, Hobart wangu huyu huyu, ambaye akitoka benki na kalamu yao kwa bahati mbaya hurudi nayo siku hiyo hiyo. Jumapili ya tarehe nne askari wa kaunti alimkuta kwenye uzio wa Ransom Teague, upande ule ambao ulikuwa msitu wa baba kabla hatujauuza, ameshika gunia lenye mizizi ya jinsengi, ile dawa ya msituni inayonunuliwa kwa bei kubwa. Unajua msimu wa kuchimba haufunguliwi mpaka Septemba, na hata ukifunguliwa, kuchimba kwa mtu bila ruhusa yake ni wizi. Askari alimuuliza mizizi ni ya nani. Hobart akamjibu kwamba si analiona gunia liko mkononi mwa nani, basi anauliza nini tena.

Mahakamani walinipa karatasi ya kurasa nne inayoeleza makosa ya jimbo letu na adhabu zake. Nimeisoma kwenye meza ya jikoni mpaka imeingia mafuta, na kila nikiisoma uelewa wangu unapungua. Makosa yako mafungu mawili, madogo na makubwa. Madogo yana daraja A, B na C. Makubwa yanaanzia A yanafika E. Kuiba kitu kisichozidi dola elfu moja ni kosa dogo la daraja A, na kifungo chake kinaweza kufika miezi kumi na moja na siku ishirini na tisa. Nilidhani wamekosea hesabu, nikampigia karani, akacheka, akasema, "Hapana mama, ukishafika mwaka mzima tunakuwa tumeingia kwenye mambo mengine." Mizizi ikikadiriwa kuzidi hiyo elfu, kosa linakuwa kubwa, la daraja E, na hapo ni mwaka mmoja hadi sita. Kwa hiyo E ya huku ni mbaya kuliko A ya kule. Hebu niambie ni mwalimu gani aliyepanga mambo hivi.

Sasa sikia nilivyofanya, na usinicheke, au cheka kisha unihurumie. Wiki iliyopita alipiga simu wakili aliyepewa Hobart na serikali, kijana mpole mwenye mafua. Nilipokea mimi, maana Hobart hasikii simu. Akasema mwendesha mashtaka yuko tayari kupunguza iwe kuingia kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa, daraja C, Hobart akikubali kosa. La sivyo A inabaki. Akauliza tunachagua nini. Dada, mikono yangu ilikuwa na unga wa biskuti, na nilichokiona mbele yangu ni baba amesimama karibu na jiko na ripoti zetu za shule. Unakumbuka ulivyolala bila kula kwa ile C yako ya hesabu. Nikamwambia wakili kwamba nyumba hii haijawahi kupokea C, tunataka A. Akauliza kama mzee mwenyewe amekubali. Nikamgeukia Hobart, naye akatikisa kichwa kukubali, kama anavyokubali kila kitu asichokisikia.

Nilipoisoma ile karatasi tena ndipo nikaona kifungo cha C hakizidi siku thelathini. Nikampigia wakili, akasema wameshaiondoa, kesi ni Jumanne ya wiki ijayo. Nimetafuta kwenye karatasi adhabu ya mke anayemwombea mumewe A. Haimo.

Kuna jambo linawasumbua wote. Askari anasema kila shimo lilifukiwa, na ndani yake zilipandwa mbegu nyekundu za mmea uleule, udongo ukakandamizwa kwa kisigino mara mbili. Anasema hajawahi kuona mwizi wa namna hiyo. Teague naye anasema huyo si mwizi, ni kichaa. Hobart ameulizwa kuhusu mbegu, akasema ndivyo alivyojisikia siku ile.

Delphia, Hobart hawezi kutofautisha jinsengi na magugu. Wewe unajua ni nani waliofundishwa na mama kurudisha mbegu na kukandamiza mara mbili. Tuko wawili tu, na mmoja yuko Ohio anakohoa.

Nilichimba mimi. Hukunituma, ulisema tu unatamani ile chai ya mama ya mizizi hiyo kwa ajili ya kifua chako, na mimi sikuwa na uso wa kwenda kumwomba Teague. Hobart alinifuata, akaona gari la askari kule chini barabarani kabla yangu. Akaninyang'anya gunia, akasema, "Nenda kanisani, Arvella, utachelewa kuimba." Nikaenda. Niliimba na udongo kwenye kucha. Naona aibu hata kuiandika.

Kesho asubuhi nakwenda kwa wakili kusema kweli. Sijui watanipa herufi gani, wala kama Hobart naye atapewa yake kwa kudanganya. Yeye bado hajui kwamba nakwenda. Nikimwambia atatikisa kichwa kukubali, nami sitajua kama amesikia.

Msalimie Carl, na umwambie asikuruhusu kupanda ngazi. Ile mizizi mitatu niliyokutumia Julai ndani ya soksi ilitoka msitu huohuo. Usiirudishe. Ukinijibu niambie tu kama imekusaidia.

Mdogo wako akupendaye,
Arvella